Ruzuku kwa Vikundi vya Maigizo: Usajili, Bajeti na Posho ya Msanii

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha maigizo na ngoma hapa Tanga, na tumesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kwa miaka kadhaa mashirika yamekuwa yakitualika kuigiza vijijini kuhusu ndoa za utotoni na dawa za kulevya. Tunapewa nauli na chakula, kisha shirika lililotualika linaondoka na picha na ripoti. Safari hii tumeomba ruzuku wenyewe, lakini mfadhili ametujibu kwamba hatustahili kwa kuwa sisi si asasi. Je, usajili wa BASATA hautoshi? Na je, tukiandika andiko la mradi tunaweza kuomba malipo ya wasanii, au wafadhili hawapendi jambo hilo?
Katibu wa kikundi, Tanga

JIBU: Ndugu Katibu, kwa ruzuku nyingi zinazotangazwa kwa ajili ya asasi za kiraia, usajili wa BASATA peke yake hautoshi. BASATA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 ili isimamie na kuendeleza sanaa, na cheti chake kinawatambua ninyi kuwa wasanii. Asasi, kwa upande wa Tanzania Bara, husajiliwa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na inaweza kusajiliwa katika ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Mfadhili anayetaka asasi anatafuta chombo chenye katiba, viongozi waliochaguliwa, akaunti ya benki kwa jina la chombo hicho, na watu wanaoweza kuulizwa fedha zimekwenda wapi. Mkiamua kusajili asasi, anzeni na ngazi mnayofanyia kazi kweli, na msiache usajili wa BASATA, kwa sababu kazi yenu ya jukwaani bado inauhitaji.

Kama hamjawa tayari kwa hatua hiyo, ombeni ruzuku pamoja na asasi iliyokwisha kusajiliwa, yenyewe ikiwa mpokeaji wa fedha na ninyi mkiwa watekelezaji. Hapo ndipo manung'uniko yenu ya miaka yote yanapoweza kumalizwa kwa karatasi. Kabla ya andiko kutumwa, wekeaneni saini makubaliano yanayotaja kiasi kitakachokuja kwa kikundi, tarehe za kulipwa, mwenye haki ya igizo baada ya mradi kwisha, na jina la kikundi litaonekana wapi kwenye ripoti. Shirika linalokataa kuyaandika mambo hayo linawaambia mapema jinsi litakavyowatendea.

Sasa malipo ya wasanii. Ombeni, na ombeni waziwazi. Nimesoma maandiko mengi ya vikundi vya sanaa, na kinachoniuma ni kuona bajeti yenye fulana, mabango, chakula cha wageni na kukodi vipaza sauti, huku watu waliotunga igizo, wakalifanyia mazoezi na kulicheza juani hawana hata mstari mmoja. Wengine huificha posho ndani ya “gharama nyinginezo”, nayo ni sehemu ya kwanza ambayo mkaguzi ataitilia shaka. Andikeni hesabu inayofuatika: wasanii 8, siku 20 za mazoezi, shilingi 15,000 kwa siku kwa kila mmoja, jumla shilingi 2,400,000. Chini yake wekeni siku za maonyesho kwa kiwango chake, kisha ada ya mtunzi na ya mwongozaji, kuwamba ngoma upya, mafuta ya jenereta, na usafiri wa mizigo, ambao vikundi husahau mpaka siku ya safari. Kama mazoezi mnayafanyia katika ukumbi wa shule bila malipo, kadirieni thamani yake na kuiandika kuwa mchango wa kikundi. Mfadhili makini haogopi kumlipa msanii. Anaogopa tarakimu isiyoeleza ilikotoka.

Jambo jingine linaloangusha maandiko ya maigizo ni matokeo. Kusema kwamba “jamii itaelimika” hakumpi msomaji kitu cha kushika. Lakini ninyi mnayo njia ambayo sanaa shirikishi imeitumia nchini mwetu kwa muda mrefu. Katika mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Penina Mlama, wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe yanayokwamisha masomo yao, wakayatungia maigizo, kisha wakayajadili na shule. Kwenu vilevile, mjadala baada ya onyesho uwe sehemu ya mradi, awepo mtu wa kuandika yaliyosemwa na ahadi zilizotolewa na viongozi wa kijiji, na bajeti iwe na safari ya kurudi baada ya miezi kadhaa kuona ni ahadi zipi zimetimizwa. Kumbukumbu hiyo ina uzito kuliko idadi ya watazamaji.

Kuhusu pa kuomba, Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia, na igizo linaweza kuingia pale linapokuwa njia ya kuwafikia wananchi. Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni wa UNESCO umewahi kutoa hadi dola za Marekani 100,000 kwa mradi mmoja, nao hausaidii kulipa madeni wala kuziba nakisi. Kwa kikundi kinachoanza, ningesubiri kwanza ruzuku ndogo iishe salama. Tena, kanuni za mwaka 2018 zinaitaka asasi inayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 izitangaze fedha hizo kwa umma ndani ya siku 14, na mkataba upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, kwa hiyo pangeni jambo hilo kwenye kalenda ya mradi.

SWALI: Tumesikia kwamba Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unawapa wasanii fedha. Je, tunaweza kuuomba ruzuku ya kutembeza igizo letu mashuleni bila kiingilio?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Fedha ambazo Mfuko umekuwa ukizitoa kwa wasanii kupitia benki ni mikopo, nayo hurejeshwa. Mkopo unafaa kwa kitu kitakachoingiza kipato, kama vile vyombo vya sauti mtakavyovikodisha kwenye sherehe. Ziara ya bure mashuleni haitaleta marejesho, kwa hiyo itafutieni ruzuku au mchango wa halmashauri, na msiweke mali ya mwanachama yeyote rehani kwa ajili yake.