Kabla ya kununua bembea ya kiti cha magurudumu, tazameni njia ya kuifikia

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba uwanja wa kuchezea watoto ulio karibu nanyi unakaribia kukarabatiwa, kwamba mamlaka inayoumiliki imekubali kununua bembea moja ya kubebea kiti cha magurudumu na kuiweka kwenye kona yenye uzio, na unauliza kama hatua hiyo inatosha kuufanya uwanja huo ufae kwa watu wenye ulemavu. Jibu langu ni kwamba haitoshi, na fedha hizo zinaweza kupotea bure ikiwa mambo mengine hayatatangulia. Nasema hivi nikiwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu tangu ujana wangu, mzazi wa watoto wasio na ulemavu, na mtu aliyekaa kwenye kamati ya wakazi iliyosimamia ujenzi upya wa uwanja wa aina hiyo hiyo, pamoja na wazazi wa watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo, uziwi na uoni hafifu.

Watu wengi wakianza kuwazia suala hili hufungua orodha ya vifaa na kutafuta kile kilichowekewa alama ya kiti cha magurudumu. Ningewaomba muanzie mbali zaidi, pale mtu anaposhuka kwenye gari au anapofika kwa miguu, kisha mfuate njia yake yote hadi kwenye bembea. Je, langoni kuna ngazi au ukingo? Je, komeo la lango hufikiwa na mtu aliyeketi, na hufunguka kwa mkono mmoja? Je, njia inakatika kwenye nyasi kabla ya kufika eneo la kuchezea? Na baada ya hapo, ardhini kuna nini? Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Binti yangu alipokuwa mdogo alipanda mnara wa kamba, akafika juu, akaingiwa na hofu na kuanza kulia. Nilimwona vizuri kutoka kwenye ukingo wa saruji, lakini kati yetu kulikuwa na mchanga uliolegea, na magurudumu madogo ya mbele ya kiti changu yalizama mara tu nilipoingia. Aliyemshusha alikuwa mzazi mwingine. Mtoto hakuumia, ila tangu hapo nimekuwa nikisisitiza jambo hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu mipango mingi humhesabu mtoto mwenye ulemavu peke yake na kumsahau mama asiyeona, babu anayetembelea mkongojo au mwalimu mwenye mguu wa bandia, ambao wote wana wajibu wa kumfikia mtoto haraka anapohitaji msaada. Uwanja ambao mlezi hawezi kuuingia si salama kwa mtoto wake, hata kama mtoto mwenyewe anakimbia na kuruka bila tatizo lolote.

Mchanga, changarawe na vipande vya mbao vina sababu ya kuwapo viwanjani: humpokea mtoto anapoanguka. Ndiyo maana kuna vipimo maalumu vya uwezo wa uso wa ardhi kupunguza kishindo, EN 1177 barani Ulaya na ASTM F1292 nchini Marekani. Ugumu unatokea pale ambapo kile kinachopunguza kishindo vizuri ndicho hicho kinachozuia gurudumu na kumeza ncha ya gongo. Marekani ina kipimo kingine kwa ajili ya hilo, ASTM F1951, ambacho hulinganisha kazi anayofanya mtu kusukuma kiti chake kwa mikono juu ya uso huo, akienda moja kwa moja na akigeuka, na kazi anayofanya kupanda mwinamo wa 1:14, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 14 za mwendo. Uso unaodai kazi zaidi ya hiyo hauhesabiwi kuwa unapitika. Waombeni wauzaji vyeti vya vipimo vya aina zote mbili, vya kuanguka na vya kupitika, kwa bidhaa ile ile na kwa unene ule ule mtakaowekewa, maana uso wa mpira uliopimwa ukiwa mnene hausemi lolote kuhusu ule mwembamba utakaotandazwa kwenu ili kubana gharama.

Kwa kawaida uchaguzi huwa kati ya nyuzi za mbao zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, vigae vya mpira, na mpira unaomwagwa na kugandia papo hapo. Nyuzi za mbao ni nafuu mwanzoni, na zikishindiliwa vizuri kiti hupita juu yake, lakini watoto huzichimba kwa miguu chini ya bembea na mwishoni mwa mitelezo, mashimo yakatokea hasa pale ambapo mtu angehitaji kusimamisha kiti chake. Vigae huinuka kwenye maungio. Mpira wa kumwagwa ni laini kupita juu yake, ila hugharimu fedha nyingi, hupasuka, na kuuziba si kazi ya kila fundi. Utafiti wa miaka kadhaa uliofanywa na kituo cha masuala ya ufikikaji cha Chuo Kikuu cha Indiana, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2013, haukupata aina hata moja isiyo na kasoro. Matatizo yalianza kuonekana ndani ya mwaka wa kwanza, na nyuzi za mbao ndizo zilizoongoza kwa kasoro. Kamati yetu ilichagua kumwaga mpira kwenye njia zote na chini ya vifaa vinavyotumiwa zaidi, kisha kuweka nyuzi za mbao sehemu zilizobaki, na hadi leo naona ulikuwa uamuzi wa busara. Kitu kilichotusumbua ni ukingo kati ya nyuso hizo mbili, kwa sababu nyuzi zikishuka kidogo tu hutokea kizingiti kinachoweza kumbwaga mtu mbele.

Mpira mweusi na mitelezo ya chuma hupata moto mkali juani, na hapa kuna hatari ambayo wajenzi wengi hawaijui. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, au aliyeumia uti wa mgongo, anaweza kuwa na ganzi miguuni na mapajani, kwa hiyo ngozi yake huungua bila yeye kusikia maumivu wala kulia. Chagueni rangi za kupauka, elekezeni mitelezo mbali na jua la mchana, na hesabuni kivuli kuwa sehemu ya ujenzi tangu mwanzo.

Kuhusu vipimo, mkikosa viwango vya kwenu tumieni vya Marekani vya mwaka 2010, vilivyotungwa chini ya sheria yao ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Vinataka njia ya ardhini ndani ya eneo la kuchezea iwe na upana wa milimita 1525 na mwinamo usiozidi 1:16, rampu, yaani njia za mwinamo zinazopanda kwenye vifaa bila ngazi, zisizidi 1:12, na kila kipande cha rampu kisipande zaidi ya milimita 305 kabla ya kufika mahali tambarare pa kupumzikia. Meza za kuchezea mchanga au maji ziwe na nafasi ya magoti yenye kimo cha milimita 610 au zaidi. Mkiombwa msingi wa kisheria, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara yake ya 30, unazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo na burudani sawa na wenzao.

Suala la kupanda juu linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu viwango hivyo hivyo vinaruhusu jambo ambalo silipendi. Uwanja ambao vifaa vyake vya juu, yaani vile vinavyofikiwa kwa kupanda, havifiki 20 unaweza kutimiza masharti bila rampu yoyote, kwa kuweka jukwaa fupi ambalo mtoto huhamia kutoka kwenye kiti chake, kisha akapanda kwa kujivuta ngazi hadi ngazi. Kwenye michoro linapendeza. Nilichoona mimi ni kwamba watoto wachache sana hulitumia, kwa kuwa linadai mikono yenye nguvu, linamfanya mtoto ajiburute mbele ya wenzake wanaopita wakikimbia, na akishateleza hadi upande wa pili kiti chake kinabaki alikokiacha, ikabidi mtu mzima akifuate. Likiwekwa, basi liwe na mahali pa kuacha kiti na njia fupi ya kukifikisha mwisho wa mtelezo.

Rampu nazo zina udanganyifu wake. Nimewahi kupanda rampu ndefu, nzuri, iliyojengwa kwa gharama kubwa, nikafika juu na kukuta usukani wa plastiki na ukuta. Mtelezo, daraja la kamba na kila kilichowafurahisha watoto vilikuwa upande mwingine, nyuma ya ngazi. Rampu lazima iishie pale ambapo watoto wengine wanataka kuwa, na iwe pana kiasi cha viti viwili kupishana. Kama ardhi yenu ina kilima au mnaweza kulundika udongo, jengeni mtelezo uliolazwa juu ya mwinuko, wenye njia ya kuzunguka hadi juu; ngazi inaondoka kabisa, mtelezo unaweza kuwa mpana kiasi cha mzazi kuketi pamoja na mtoto, na kila mmoja anapanda kwa njia ile ile.

Msikubali pia hoja kwamba uwanja wa watoto wenye ulemavu uwe wa chini na wa polepole ili usilete hatari. Marjory Allen, mbunifu wa mandhari Mwingereza aliyepigania viwanja vya kuchezea vyenye mbao, kamba, udongo na miti, alianzisha uwanja wa aina hiyo kwa ajili ya watoto wenye ulemavu huko Chelsea, London, mwaka 1970, kwa imani kwamba nao wanahitaji kujaribu mambo magumu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye maisha yake yamejaa mazoezi ya tiba ana haki ya kusikia upepo na kizunguzungu kama mtoto yeyote.

Sasa narudi kwenye bembea yenu. Bembea ya kubeba kiti pamoja na mtoto ni jukwaa zito la chuma, na likiwa kwenye mwendo linaweza kumjeruhi vibaya mtoto anayepita, ndiyo sababu huzungushiwa uzio. Uzio huletewa kufuli, na kufuli huhitaji mwenye funguo. Katika uwanja mmoja tulioutembelea na kamati, mwenye funguo hakuwapo na hakuna aliyejua angerudi lini, huku mtoto tuliyekuwa naye akitazama bembea ile kupitia nyavu. Hata ikiwa wazi, mtoto anabembea peke yake ndani ya kizimba. Kwa fedha hizo mnaweza kupata bembea ya kiota, ile yenye kikapu kikubwa cha kamba ambamo watoto kadhaa hulala pamoja. Bembea ya kawaida yenye mgongo mrefu na mikanda, iliyopangwa kwenye mstari mmoja na nyingine. Na pengine jukwaa la kuzunguka lililo sawasawa na ardhi, ambalo kiti huingia moja kwa moja huku watoto wengine wakisimama pembeni na kulisukuma. Wapo watoto wenye viti vizito vya umeme ambao hawawezi kuhamishwa, na kwao bembea ya jukwaa ina maana kubwa, kwa hiyo siipingi. Ninachoomba ni kwamba ije baadaye, na iwe na mtu wa kuisimamia.

Wazazi wenzangu kwenye kamati walinifundisha mengi ambayo mimi, mtu wa magurudumu, nisingeyaona. Mama wa mtoto mwenye usonji alitaka uzio kamili na mlango mmoja wa kutokea, kwa sababu mwanawe hukimbia ghafla kuelekea barabarani, na alitaka pia kibanda kidogo chenye utulivu pembezoni, ambako mtoto aliyelemewa na kelele atapumzika huku akiendelea kuona mchezo. Baba wa mtoto mwenye uoni hafifu aliomba kingo za ngazi na majukwaa zipakwe rangi inayotofautiana sana na sehemu nyingine, na eneo la bembea litangulizwe na ukanda wa ardhi wenye mkwaruzo tofauti unaosikika chini ya kiatu au fimbo nyeupe. Mzazi wa mtoto aliyepandikizwa kifaa cha kusikia alieleza kwamba mitelezo ya plastiki huzalisha umeme tuli unaoweza kuharibu mpangilio wa kifaa hicho, hivyo mtoto hulazimika kuvua sehemu ya nje kabla ya kuteleza na kubaki bila kusikia. Tuliweka pia ubao wa picha ambao mtoto asiyezungumza huugusa ili kueleza anachotaka. Ni miongoni mwa vitu vilivyogharimu kidogo zaidi, na watoto wote huutumia.

Msisahau choo. Familia nyingi zenye mtoto mkubwa anayevalishwa nepi huondoka mapema kwa sababu hakuna kitanda cha kumbadilishia zaidi ya kile cha watoto wachanga, na hakuna mzazi anayetaka kumlaza mwanawe sakafuni.

Kama fedha hazitoshi kwa yote haya, ningependekeza msizitawanye uwanja mzima. Tengenezeni lango na njia moja nzuri hadi kwenye eneo moja, wekeni hapo uso wa mpira, kivuli, bembea ya kiota, jukwaa la kuzunguka na benchi lenye nafasi ya kiti pembeni yake, na hakikisheni kwamba ndilo eneo linalopendwa zaidi na watoto wote. Sehemu zilizobaki zitafuata awamu ijayo. Mkataba wa ujenzi utaje waziwazi nani atakagua na kujaza uso wa ardhi, kila baada ya muda gani, na kwa fungu lipi, kisha waiteni watumiaji wa viti, magongo na fimbo nyeupe waupite uwanja kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho.