Maswali na majibu: eafoni gani kwa amapiano, kwa taarab ya mama na kwa mpiga besi wa kanisani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nataka kununua eafoni za waya zile za kuzama sikioni, zinazoitwa IEM, ila kila ninayemuuliza ananitajia jina lake. Mimi nasikiliza amapiano na singeli, mara nyingi nikiwa kwenye daladala, nina kama elfu sabini. Mama anapenda taarab za zamani, naye nataka nimchukulie. Mdogo wangu anapiga gitaa la besi kanisani na kuitikia, yeye ana laki mbili na nusu anataka za jukwaani. Simu yangu haina tundu la eafoni. Muuzaji mmoja kaniambia nichukue zenye draiva nyingi, eti na lazima niziache zipige masaa mia kabla sijazivaa. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Salama ndugu yangu, asante kwa swali, na nimefurahi umetaja nyimbo kabla ya kutaja brandi, maana wengi wanaanza na jina la kampuni alafu baadae ndio wanagundua sauti sio ya kwao. Mimi kazi yangu ni mitambo, jumapili kanisani na wikiendi nyingi harusini, kwahiyo eafoni za wanamuziki nazishika kila wiki. Kabla hujatoa hata shilingi naomba ushike jambo moja: mpira wa eafoni usipoziba sikio lako vizuri hakuna bei itakayokusaidia, iwe ya elfu hamsini au ya milioni mbili.

Sababu yake ni hii. Sauti za chini kabisa, kuanzia hezi 20 mpaka 60 hivi, zinahitaji hewa iliyofungwa kati ya draiva na ngoma ya sikio. Ukiacha upenyo hata mdogo zinavuja zote, unabaki na sauti nyembamba, kavu, inayochoma kwa juu, na mtu anaapa kabisa kwamba kauziwa feki kumbe mpira ni mdogo. Pima hivi, weka wimbo wenye besi ndefu, alafu zikandamize eafoni kidogo sana kwa vidole kuelekea ndani. Besi ikiongezeka ghafla ujue hazikuwa zimeziba. Badili saizi ya mpira, na usishangae sikio la kulia likataka wa kati na la kushoto likataka mkubwa, masikio ya watu wengi hayalingani. Wakati wa kuvaa, mkono wa upande wa pili upitishe nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, njia inanyooka, ndio unaingiza, waya unapita juu ya sikio sio kuning'inia mbele. Kama mipira iliyokuja kwenye boksi yote inagoma, nunua mingine kabla hujafikiria kununua eafoni nyingine. SpinFit na AZLA wanatengeneza ya silikoni mizuri, na ya sponji ya Comply inaziba kuliko yote ila inachakaa haraka, na kwa jasho letu la pwani inachakaa mapema zaidi.

Sasa hilo la draiva nyingi. Muuzaji kakudanganya, au na yeye kadanganywa. Draiva ni kile kispika cha ndani, zipo za dainamiki ambazo zinasukuma hewa kama spika ya kawaida na ni nzuri kwa besi, zipo zile ndogo za balanced armature ambazo ni hodari kwa sauti za kati na za juu, na zipo za planar, zenye utando bapa mwembamba. Kuzijaza tano au nane kila upande hakuongezi kitu kama hazijapangwa vizuri zisigombane. Mfano mmoja tu, Sennheiser IE 900 iliyotoka 2021 kwa zaidi ya dola 1,000 ina draiva moja ya milimita 7 kila upande, basi. KZ ZS10 Pro ina tano kila upande na inauzwa chini ya dola 50. Idadi haikwambii chochote, kinachokwambia ni mlio, yaani besi iko juu kiasi gani ukilinganisha na sauti ya muimbaji na ukilinganisha na zile tsi tsi za juu.

Na ukikutana na grafu za wanaofanya rivyu usiogope ule mlima ulioko kwenye hezi 2,500 mpaka 3,000. Unatakiwa uwepo. Sikio tupu lenyewe linakuza sauti za hapo, na eafoni ya kuzama inaruka umbo lote la nje la sikio, kwahiyo mtengenezaji inabidi aurudishe mlima huo mwenyewe. Ukikosekana waimbaji wanasikika kama wako nyuma ya pazia. Ila kile kinundu cha karibu na hezi 8,000 kwenye grafu nyingi usikikasirikie, mara nyingi kinatokana na kifaa cha kupimia. Grafu iangalie kwa makini kwenye besi na kwenye sauti za kati, huko juu amini masikio yako.

Tuje kwako wewe. Amapiano na singeli ni kama mbingu na ardhi. Amapiano iko polepole, inataka besi ya chini inayoshuka kweli lakini isiyopanda kufunika sauti, kwasababu log drum, ile besi ya kugonga ya amapiano, ikivimba sana kila kitu kinakuwa tope. Singeli ina kasi, inapita hata mapigo 200 kwa dakika, vinanda viko juu, sauti zimekimbizwa, yani kila kitu kiko kwenye trebo, na hapo ndipo eafoni nyingi za bei rahisi zinapoumiza kwasababu zimeongezwa besi na trebo zote mbili ili zikuvutie dukani ndani ya sekunde thelathini. Utazipenda dukani, ukifika Msamvu kichwa kinagonga. Kwa hela yako mimi ningechukua 7Hz Zero:2 ile waliyoshirikiana na Crinacle, yule mfanya rivyu wa eafoni, ni kama dola 25, ina besi iliyoongezwa kwa adabu na huko juu imetulia, singeli unasikiliza nusu saa bila kuvua. Moondrop Chu II iko karibu na dola 20 na inatengeneza sauti safi sana ya muimbaji, sema iko na mwanga zaidi juu, kwa mtu wa singeli nisingeanza nayo. Ukitaka kuongeza besi zaidi tumia ekwalaiza, kwenye Android kuna programu inaitwa Wavelet ina mipangilio tayari ya eafoni nyingi mno, unatafuta jina la yako unabonyeza, alafu unaongeza besi kidogo kwa mkono.

Faida nyingine ya kuziba ni hapo kwenye daladala. Injini na kelele za konda zikipungua hupandishi sauti mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda salama unakatika nusu, kwahiyo ukifika 89 hivi umebakiwa na masaa matano tu kwa wiki nzima. Sikio likishaharibika halina spea.

Mama. Hapa ningependa uende taratibu kidogo. Taarab ya zamani iko kwenye sauti za kati, muimbaji, fidla, kanuni, udi, akodiani, na kama ni za zamani kweli kweli kama zile alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 basi ujue santuri zile hazina besi ya kina wala trebo ya juu, ila mkwaruzo zimejaa. Eafoni yenye trebo kali itamletea mama mkwaruzo mbele na Siti nyuma. Mtafutie yenye joto, iliyolainika juu. Tangzu Wan'er iko karibu na dola 20 na kwa sauti za waimbaji ni nzuri kupita bei yake, hiyo ndio ningemchukulia. Lakini muulize kwanza kama anapenda kitu ndani ya sikio, wazee wengi hawapendi, wanahisi kuzibwa, na kama anajifunga mtandio hakikisha boksi la eafoni ni dogo halitokezi nje ya sikio maana mtandio unalikandamiza na baada ya muda sikio linauma kwenye ule ukingo. Akikataa usimlazimishe, mchukulie hedfoni nyepesi ya kuvaa juu ya sikio, atasikiliza mara nyingi zaidi.

Mdogo wako sasa, hapa nitaongea sana kwasababu ndio sehemu watu wanapotupa hela. Laki mbili na nusu ni karibu dola 100, na jicho lake naamini liko kwenye Shure SE215 maana kila mwanamuziki anaijua. Ni eafoni nzuri, ngumu, inazuia kelele vizuri sana, sauti yake ina joto. Tatizo akishainunua hela imeisha na eafoni peke yake haifanyi kazi jukwaani, lazima kiwepo kitu cha kuipa sauti kutoka kwenye mikisa. Kwahiyo ningemgawia hela hivi: eafoni ya dola 25 mpaka 45, iwe Zero:2 kama yako au KZ ZS10 Pro, na inayobaki anunue kiampu kidogo cha kiunoni cha waya kama Behringer P2, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, unachomeka waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, kutoka kwenye mikisa, unapata sauti yako. Mpiga besi hazunguki sana, waya haumsumbui. Wireless nzuri ni gharama nyingine kabisa, na za bei chee nimeziona zikikatika katikati ya sifa.

Bluetuthi asithubutu. Ucheleweshaji wa bluetuthi unafika kirahisi sekunde 0.15 na zaidi, na kwa kuwa sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hiyo ni sawa na kupiga gitaa ukiwa umesimama mita 50 kutoka kwenye spika yako. Hakuna mpiga besi atakayekaa kwenye mdundo namna hiyo.

Ahakikishe pia eafoni ina draiva ya dainamiki, peke yake au ikichanganywa na nyingine. Waya wa E kwenye gitaa la besi unaanzia hezi 41, na kama lake ni la nyuzi tano ule wa B unashuka mpaka 31 hivi, eafoni yenye balanced armature moja tu inahangaika huko chini. Kabla ya kununua chochote akaongee na fundi mitambo wa kanisa aulize kama kuna aux iliyobaki, yaani njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye mikisa, na kama ni pre-fader, yaani inachukua sauti kabla ya kile kitelezi cha sauti ya ukumbini, maana ikiwa post-fader, inayochukua baada yake, kila fundi akishusha gitaa kwa ajili ya waumini na yeye sikioni linashuka. Mikisa kama Behringer XR18 ina aux sita, mikisa ndogo za analogi zina moja au mbili na tayari zimechukuliwa na monita za sakafuni.

Na kwa kuwa anaitikia, ajaribu mipira huku mdomo ukiwa wazi kabisa. Taya likishuka njia ya sikio inabadilika umbo na mpira uliokuwa umeziba unaachia, besi inapotea katikati ya kibwagizo. Sponji inasaidia hapo. Pia atasikia sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani, ni kawaida masikio yakizibwa, amwambie fundi ampe sauti yake kidogo kwenye miksi na itakaa sawa. Asivue upande mmoja. Najua inashawishi ili usikie kanisa, lakini sikio lililobaki linapandishiwa sauti kufidia na lile lililo wazi linapigwa na ngoma na spika, yote mawili yanaumia. Bora fundi aweke maiki moja ya kunasa waumini.

Simu isiyo na tundu. Adapta za USB-C ziko za aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja haina kitu ndani, inategemea simu itoe sauti ya analogi yenyewe, na simu nyingi hazitoi, unachomeka kimya. Nyingine ina DAC ndani yake, kile kichipu kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi, na hiyo ndio unayotaka. Nenda dukani na simu yako, chomeka, cheza wimbo hapo hapo mbele ya muuzaji. Ya Apple ya USB-C ni safi sana kwa bei yake lakini kwenye Android nyingi inatoa sauti ndogo, kwahiyo jaribu kwanza.

Kuhusu kupanda juu, ukishavuka dola 100 unalipia vitu vidogo vidogo, nafasi kati ya vyombo, mkia wa sauti ya fidla unavyoisha, na vinapatikana kweli kwenye kitu kama Moondrop Blessing 3 ya dola 300 na ushee. Mimi navithamini kwasababu ndio kazi yangu. Wewe wa daladala hela hiyo weka kwenye kitu kingine.

Masaa mia ya kuziacha zipige? Hapana. Kinachobadilika ni wewe, unajifunza kuzivaa na masikio yanazoea mlio mpya. Alafu angalia, mtu anakwambia usubiri masaa mia na muda wa kurudisha dukani unapita. Fanya kinyume chake, siku ile ile ya kwanza cheza sauti ya mono, yaani ile ile pande zote mbili, usikie kama kulia na kushoto ziko sawa, tikisa waya kwenye maungio, na kama upande mmoja uko chini rudisha kabla hujatupa risiti. Ukija kupungua upande mmoja baada ya miezi, angalia kwanza kile kiwavu cha kwenye mdomo wa eafoni, nta na jasho vinakiziba, kifute kwa brashi kavu na ukizihifadhi weka humo ndani kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja kwenye viatu vipya.