Ni nini kinachomvuta mnunuzi kwenye gari la umeme?

SWALI: Mhariri, mume wangu anataka tuuze gari letu la petroli tuagize la umeme lililotumika kutoka Japani. Anasema nchini Norwei karibu watu wote wamehamia kwenye magari ya umeme. Je, ni nini hasa kinachowavuta, na sababu hizo zipo hapa Mwanza?
*Msomaji, Buhongwa*

JIBU: Dada yetu, ni kweli kwamba mwaka 2024 takribani magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme tupu, lakini kilichowavuta wengi ni bei kuliko mapenzi ya mazingira. Serikali yao iliyaondolea magari hayo kodi ya usajili mwaka 1990 na kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001, huku ya petroli yakiendelea kutozwa kodi nzito, hata mnunuzi aliyelinganisha bei akakuta la umeme halimuumizi mfukoni. Wengi wao pia huchaji nyumbani usiku.

Kwetu kivutio kikubwa ni gharama ya kuliendesha. Betri ya yuniti 40, kwa umeme wa nyumbani usiozidi shilingi 360 kwa yuniti, hujazwa kwa shilingi 14,000 hadi 16,000, na gari likiwa jipya hutembea kama kilomita 240. Kwa bei za petroli za miaka hii, fedha hiyo hainunui hata lita 6. Hapo mume wako ana hoja nzito.

Hata hivyo, mnunuzi wa Mwanza huuliza kwanza kuhusu fundi, vipuri na bei ya kuliuza baadaye, na ndiyo maana Toyota zimejaa barabarani. Naamini ana haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu gari la umeme lililotumika thamani yake yote imo kwenye betri, nayo huchakaa. Chukueni mfano wa Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 ikiwa na betri ya yuniti 24 tu isiyopozwa kwa maji, hivyo joto huizeesha mapema. Kwenye dashibodi yake kuna visanduku vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri, na cha kwanza hakizimiki mpaka betri iwe imepoteza takribani asilimia 15 ya uwezo wake. Gari la namna hiyo lenye visanduku 8 litawafaa kwa safari za Buhongwa na mjini, tena kwenye miteremko yetu hurudisha chaji kidogo kila mnapofunga breki, ila Musoma, zaidi ya kilomita 200, halitawafikisha bila kuchaji njiani.

Kama mnaishi kwenye nyumba yenu, mna mahali salama pa kulichaji usiku, na safari zenu nyingi ni za mjini, nawashauri mlifikirie kwa dhati. Kama mmepanga na mita ya umeme mnachangia na wapangaji wengine, subirini kwanza. Na kabla ya kutuma fedha yoyote, mtakeni muuzaji awapigie picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, visanduku vyote vikionekana. Akikataa, tafuteni gari jingine.