Jibu kwa mwanafunzi anayeuliza aanze na SPM, FSL au AFNI

Mkuu mleta mada, umeuliza ushike ipi kati ya SPM, FSL na AFNI, programu tatu za kuchambua picha za ubongo, na kama laptopu ya GB 8 na bando la simu vinatosha kujifunzia. Vinatosha kabisa. Ila mwanzo wangu ungekuwa kwingine: jifunze kwanza kupanga data na kutunza kumbukumbu ya kila amri unayoendesha. Programu ya takwimu utaizoea tu baadaye.

Nasema hivi kwa sababu ya yaliyokwisha kuonekana. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iitwayo NARPS: timu 70 zilipewa data ile ile ya fMRI (picha za MRI zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi) na dhana 9 za kupima. Hakuna timu mbili zilizopita njia moja, na kwa baadhi ya dhana majibu yalipingana. Kabla ya hapo, mwaka 2012, ilishaonyeshwa kuwa FreeSurfer, programu ya kupima umbo la ubongo, hutoa vipimo tofauti vya ubongo ule ule ukibadilisha toleo lake, au hata toleo la mfumo endeshi. Kwa hiyo anayeandika "nilitumia FreeSurfer" akaishia hapo hajatuambia kitu.

Anza na BIDS, utaratibu wa kupanga data uliochapishwa mwaka 2016. Kila mshiriki ana folda yake, na jina la faili linajieleza: sub-01_task-rest_bold.nii.gz ni mshiriki 01, amepumzika ndani ya mashine, picha za BOLD (ishara ya oksijeni kwenye damu ambayo fMRI hupima). Picha za DICOM, yaani muundo wa faili zinazotoka kwenye mashine, zigeuze kuwa .nii.gz kwa programu ya dcm2niix. Itakuandikia na faili la maandishi la JSON lenye vipimo vya skani. Kisha pitisha kila kitu kwenye kikaguzi cha BIDS, programu inayotazama kama data imefuata utaratibu. Hiki nakipenda sana. Niliwahi kupokea data ambayo nyakati za matukio ziliandikwa kwa milisekunde, wakati BIDS inataka sekunde. Kwa macho jedwali lilikuwa safi tu. Kikaguzi kikatoa onyo kwamba tukio la mwisho limetokea baada ya skani kwisha, na hapo tatizo likajulikana kabla hatujapoteza muda kwenye uchambuzi.

Suala la bando linatatuliwa na DataLad, programu ya kupakua na kutunza data. Chukua ds000001 kutoka OpenNeuro, hifadhi ya wazi ya data za ubongo mtandaoni: data ya watu 16 waliocheza mchezo wa kujaza puto hewa. Ukiendesha datalad clone unapata mti mzima wa mafaili, lakini picha zenyewe bado hazijashuka. Unachoona ni viungo tu. Ukitaka mshiriki mmoja, andika datalad get sub-01, na ni huyo tu atakayekula bando lako. Halafu endesha uchambuzi wako kupitia datalad run: amri inahifadhiwa pamoja na matokeo yake, hivyo mwakani msimamizi akiuliza grafu hii ilitokaje, unamwonyesha.

Kuandaa picha kabla ya uchambuzi tumia programu ya fMRIPrep ndani ya kontena (kifurushi chenye programu na kila inachohitaji): Docker kwako, Apptainer kwenye seva ya chuo. Taja namba ya toleo, usiandike "latest", maana hiyo hubadilika. Kila mshiriki atapata ripoti ya kufungua kwenye kivinjari. Iangalie kwa macho yako, hasa pale picha za fMRI zinapolazwa juu ya picha ya T1 (picha ya MRI ya umbo la kichwa na ubongo). Mwishoni mwa ripoti kuna aya ya mbinu yenye matoleo yote, na waundaji wameruhusu uinakili neno kwa neno. Kwa GB 8 itakuelemea, na hatua ya FreeSurfer hula saa nyingi, kwa hiyo iombee seva. Kwenye laptopu fanya mazoezi kwa Nilearn, maktaba ya lugha ya Python ya kuchambua picha za ubongo, nayo haina gharama. SPM ni huria, lakini kwa kawaida huendeshwa ndani ya MATLAB, programu ya hesabu, na leseni ya MATLAB ni ya kulipia.

Siku ukianza kushughulika na data uliyokusanya mwenyewe kutoka kwa watu, kumbuka kwamba picha ya T1 inaweza kuundwa upya ikaonyesha sura ya mtu. Futa uso kwa programu ya pydeface kabla ya kumpa yeyote nakala, na hakikisha fomu ya ridhaa iliwaeleza washiriki kwamba data itashirikishwa.