Usianue dagaa kwa ajili ya wingu jeupe la kwenye simu

Siku hizi ukikuta mtu ameanika dagaa ufukweni, jicho moja liko juu na jingine kwenye simu. Ni vizuri, hata mimi naanza siku hivyohivyo. Ila swali ninaloulizwa mno ni hili: "Mbona picha ya setilaiti ina wingu zito na huku jua linawaka?"

Setilaiti inayotutazama Afrika Mashariki, Meteosat-9, iko juu ya Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 36,000 angani, na hupiga picha kila dakika 15. Picha ya infraredi haioni tone hata moja. Inapima joto la mgongo wa wingu: lililopanda juu ni baridi, basi huonekana jeupe. Sasa kuna mawingu membamba ya juu kabisa, kama pamba iliyochambuliwa, yameganda kwa baridi lakini hayanyeshi kitu. Halafu kuna yale mafupi yanayoletwa na kusi alfajiri. Kwenye picha ni kijivu tu, nayo yanakulowanishia chanja nzima hujakunjua hata turubai. Haya ndiyo yanayotutesa.

Kwa hiyo usiamue kwa picha moja. Cheza mfululizo wa saa mbili tatu. Weupe unaochipuka mahali pamoja ukatanuka haraka, kingo zimekatika wazi, huo una mvua. Unaotandaa huku unafifia, endelea kuanika. Kukisha pambazuka hamia picha ya mwanga wa kawaida, mawingu mafupi hujionyesha humo. Ukipata picha ya rada, iamini zaidi, maana mawimbi yake hugonga matone yenyewe yakarudi.

Saa zilizoandikwa kwenye picha hizo ni za UTC, yaani saa za kimataifa. Toa tatu upate saa yetu ya Kiswahili: 06:00 ni saa 3 asubuhi.

Na ninyi mnaouliza kama setilaiti itauona moshi wa jaa: Sentinel-5P, setilaiti ya kupima hewa chafu iliyorushwa 2017, hupita mchana, kama saa 7 na nusu, na hupima hewa yote toka juu hadi chini kwa mkupuo. Jaa lililochomwa saa 12 asubuhi limeshapoa. Hapo nunua kipimo kidogo cha leza, kile kinachopima chembe za moshi na vumbi hewani, kitundike mbali na jiko. Alfajiri yenye umande usikimbilie namba zake, kwani chembe za vumbi zikinyonya unyevu huvimba, nacho husoma uchafu mwingi kuliko uliopo. Ngoja jua lipande, usome tena.