Muulize Mzee wa Spana: Spoila kubwa kwenye gari la injini ya katikati

SWALI: Mzee wa Spana habari za kazi. Mimi niko Ntinda hapa Kampala, nimepata Toyota MR-S ya 2003, ile ya injini katikati, nyuma ya viti, kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi, si unajua siku hizi gari la miaka 15 kwenda juu haliingii tena Uganda kwa hiyo nikaona hii ni bahati. Nikaenda soko la spea la Kisekka nikanunua spoila kubwa ya fibaglasi, ile inayosimama kwa miguu miwili, upana karibu mita moja na nusu. Fundi akatoboa kifuniko cha injini akafunga. Wiki ya kwanza raha tupu, kila mtu anageuka. Sasa nikifika 90 kwenye expressway ya Entebbe naona kwa kioo kifuniko kinatetemeka, halafu juzi mvua imenikuta karibu na Kajjansi nikahisi mbele inaelea, usukani mwepesi kama haujaunganishwa na kitu. Fundi anasema niiinamishe spoila zaidi ikamate upepo. Washkaji wanasema nitoe kabisa. Nimsikilize nani?

JIBU: Kijana wangu, hapo umeniletea magonjwa mawili ukidhani ni moja.

Kwanza tuelewane maneno, sababu mtaani kila kitu cha nyuma tunaita spoila. Spoila yenyewe ni ule mdomo uliokaa juu ya bodi, hewa haipiti chini yake, kazi yake ni kuvuruga ule mtiririko unaonyanyua mkia. Cha kwako ni bawa, hewa inapita juu na chini, ni bawa la ndege lililogeuzwa tumbo juu, badala ya kuinua linakandamiza. Na nguvu ya bawa inatokana na spidi tena sio kidogo kidogo, ukizidisha spidi mara mbili nguvu inaongezeka mara nne.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ya bawa kama lako, mita moja na nusu kwa robo mita hivi, hewa ya Kampala ambayo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10 maana tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na nikalipa sifa kwamba limechongwa vizuri (ya Kisekka nyingi hazijachongwa vizuri, ni umbo tu). Kwa 50 kwa saa unapata kama kilo tatu na nusu. Kwa 100 kilo 14. Kwa 160 kilo 36. Sasa limiti ya expressway ni 100, kwa hiyo hayo yote uliyotoboa na kulipia ni kilo 14, mtoto wa miaka mitatu kakaa nyuma basi. Wazungu wa Porsche walipotoa Boxster ya kwanza mwaka 1996, nayo injini yake iko katikati, waliiwekea spoila inayochomoza yenyewe ikifika 120, chini ya hapo imelala ndani. Yaani ukiiendesha hapa kwetu kwa sheria hutaiona hata siku moja.

Sasa hiyo mbele kuelea. Ni kweli bawa likikaa nyuma ya ekseli ya nyuma linafanya kama bembea ya ubao ya watoto, linakandamiza mkia na kunyanyua pua, na gari la injini ya katikati pua yake tayari ni nyepesi. MR-S nzima ni kama kilo 1,000 na zaidi ya nusu iko nyuma. Ila piga hesabu: kati ya ekseli na ekseli ni mita 2.45, bawa tuseme liko nusu mita nyuma ya ekseli, kilo 14 zako zinatoa mbele kilo 3. Tatu! Ukijaza tangi la mafuta au ukipakia mtu unabadilisha zaidi ya hapo. Kwa hiyo sio bawa lililokutoa roho pale Kajjansi, na fundi wako akiliinamisha zaidi ndio utazidi kupoteza, tena ukipita digrii 15 hivi hewa inaachia ule upande wa chini na bawa linabaki ubao wa kuvuta gari nyuma, mafuta yanaisha hupati kitu.

Angalia tairi. MR-S ya mwaka wako ilitoka kiwandani mbele 185/55 rimu 15, nyuma 215/45 rimu 16, hazifanani na ni makusudi, nyuma pana ili mkia usikimbie. Huku watu wakikosa saizi wanaweka zozote, nimeona moja imevaa nne sawa zote na mbele zimeisha meno kama kipara changu. Tairi iliyoisha kwenye pua nyepesi haiwezi kusukuma maji pembeni, inapanda juu ya maji, usukani unakufa, ndio hicho ulichosikia. Weka tairi za saizi yake, pima upepo asubuhi zikiwa baridi, fuata kibandiko cha gari sio yule kijana wa kompresa ambaye kila gari anaweka namba moja, halafu upige alaimenti. Na mvua ikishuka punguza mguu ssebo, hakuna bawa la kukuokoa hapo.

Ugonjwa wa pili ndio wa bawa kweli, na huo ndio unaniogopesha. Kile kifuniko ni bati jembamba, kimetengenezwa kufunika injini na kupumua joto, hakikutengenezwa kubebeshwa mtu. Na bawa halikandamizi tu, linavutwa nyuma na upepo, na kwa sababu lina miguu mirefu linakuwa kama mtu anayeng'oa msumari, bolti za mbele zinavutwa juu za nyuma zinabonyea chini, kila hampu ya barabara, kila shimo. Mtetemo ule ni bati linachoka. Likichoka linapasuka kuzunguka tundu, na bawa linaondoka peke yake kumtafuta boda aliye nyuma yako.

Fungua leo uangalie kwa chini. Kama umekuta washa ndogo ndogo tu (vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya nati), na mimi naweka pesa yangu utakuta hivo, toa bawa usiendeshe nalo tena mpaka urekebishe. Kagua nyufa kwa tochi. Kama bati limepasuka tafuta kifuniko kingine, kuchomelea bati la namna hiyo ni kuahirisha tu. Kama liko salama, nenda kwa mafundi wa vyuma wa Katwe wakukatie vipande viwili vya bati la aluminiamu la milimita 3, ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa, vifuate mkunjo wa kifuniko kwa ndani, hivyo ndio bolti ziegemee. Kingo za matundu zipigwe msasa, praima, rangi, zikauke, sababu fundi aliyetoboa juzi hakupaka kitu na kutu Kampala haisubiri. Raba chini ya miguu, silikoni ya kustahimili joto kuzuia maji, washa ya springi kwenye nati. Usikubali mtu akubandikie na gundi ya tepu, pale juu ya injini joto linailainisha. Ukimaliza chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati, baada ya kilomita 100 fungua tena, mstari ukikatika ujue nati imezunguka. Halafu bawa likae karibu bapa, usizibe matundu ya kutolea joto, na usizibe taa ya breki ya tatu.

Kipimo changu kabla hujafunga ni hiki: ungethubutu kuweka mfuko wa simenti juu ya hicho kifuniko? Kama moyo unasita na bawa lisikae.

Washkaji wako wa "toa kabisa" wana akili, lakini gari ni lako na kupendeza sio dhambi. Mimi ningeweka ile spoila ndogo ya kiwandani.

SWALI: Mzee, kwa hiyo spoila zote ni urembo? Tumebishana hapa Tororo mpaka chai imepoa.

JIBU: Hapana. Audi TT ilitoka bila spoila, Wajerumani wakaanguka nayo kwenye barabara zao za spidi kubwa, kampuni ikayarudisha magari wakayaongezea ka-spoila kadogo nyuma na kubadilisha sehemu za saspensheni. Lakini hao walikuwa wanakimbia kuliko wewe utakavyokimbia kutoka Tororo hadi Malaba.

SWALI: Nina Premio, nataka bawa kama la rali.

JIBU: Premio inavutwa na tairi za mbele, wewe unataka kukandamiza za nyuma. Magari yanayoshinda rali ya Pearl of Africa yanavutwa na magurudumu yote manne, yanaruka vilima na kuingia kona upande upande, mkia lazima uwe na kitu cha kuushika. Hiyo pesa nunua shokamsoba.