Alamu ya bili kwenye swichi, usikimbilie kurestati
Mkuu umesema swichi ya simu (mtambo unaounganisha simu za wateja) inalia alamu ya faili za bili toka usiku na simu zinapita kama kawaida, sasa kabla hujarestati chochote angalia diski ya swichi imejaa kiasi gani, maana mara nyingi kadi wala prosesa haina shida, ni zile CDR (rekodi za kila simu iliyopigwa, ndo zinatengenezewa bili) zinaandikwa tu halafu hakuna anayekuja kuzibeba. Kama ni AXE, yaani swichi ya Ericsson, piga amri ya ALLIP inayoorodhesha alamu usome ilianza saa ngapi, huo muda ndo utakusaidia sana. Halafu nenda seva ya midiesheni, ile inayovuta faili za CDR kutoka kwenye swichi kupeleka kwenye bili, piga df -h uone diski yake imejaa kiasi gani, ukikuta asilimia 100 umeshampata mchawi. Haijajaa? Jaribu kulogini mwenyewe kwa yuza ileile inayovuta faili, mimi yalinikuta, paswedi ilikuwa imeekspaya na nikakesha nachunguza kebo bure kabisa 😂 Waulize pia watu wa faiwoli kama wamegusa kitu muda ule alamu ilipoanza, maana faili zinavutwa kwa FTP au SFTP, na FTP inaingilia poti 21 ila data inapita poti nyingine, kwa hiyo unaweza kulogini vizuri tu na faili zisishuke, SFTP yenyewe ni 22 basi. Na tafadhali usifute faili ili upate nafasi!! kopi kwanza pembeni, hizo ndo hela za kampuni. Zikianza kushuka kagua namba za mfuatano, zikiruka ujue kuna faili imepotea njiani, zikijirudia kuna wateja watachajiwa mara mbili na simu zao utapokea wewe.